Mazoezi ya aerobiki kwa aliyeugua polio utotoni na sasa nguvu zinampotea upya: nani amejaribu?

MguuWaKushoto (mleta uzi)

Wakuu salaam.

Nitaandika kwa urefu kidogo, mnivumilie. Niliugua polio nikiwa na miaka 3. Homa yenyewe siikumbuki, nakumbuka kubebwa mgongoni wakati wenzangu wanakimbia. Mguu wa kushoto ulibaki mwembamba na mfupi kidogo. Wa kulia kila aliyeupima alisema mzima. Nilivaa chuma cha kuushikilia mguu hadi miaka 14, nikakivua kwa ubishi wa ujana, na tangu hapo nimechechemea bila kumwomba mtu anishike mkono. Miaka 26 nimefanya kazi ya kusimama.

Sasa nina 54. Kama miaka miwili nyuma mambo yalianza kubadilika. Nyumbani kuna ngazi yenye vidato 16. Zamani nilivipanda bila kuvihesabu. Siku hizi navihesabu, kwa sababu nikifika cha 9 lazima nishike ukuta nisubiri paja liache kutetemeka. Jioni nachoka uchovu ambao usingizi hauuondoi.

Nikaenda kwa daktari. Akaangalia uzito, presha na sukari, akasema: "Mzee, unakaa sana. Fanya mazoezi ya aerobiki, yale ya kupandisha mapigo na pumzi, dakika 30 kila siku, utoke jasho." Nikatii. Nikapanda baiskeli ya mazoezi, dakika 30 mfululizo, kila siku. Wiki ya pili misuli ya paja ikaanza kuruka usiku kama kuna panya chini ya ngozi. Wiki ya tatu niliteremka kwenye baiskeli mguu ukakataa kunibeba, nikakaa chini palepale mbele za watu.

Daktari wa pili, wa mishipa ya fahamu, akanipima kwa muda mrefu na kusema nina sindromu ya baada ya polio. Ushauri wake: "Usiichoshe hiyo misuli." Nikaacha kila kitu. Miezi 5 imepita, nimeongezeka kilo 6, na sasa hata pumzi inanikatika nikipanda hivyo vidato.

Mmoja kasema kimbia, mwingine kasema kaa. Nimekwama katikati. Kuna aliyepita njia hii?

---

BintiWaMama

Natia nanga hapa. Mama yangu ana miaka 67, naye aliugua polio akiwa mdogo. Kila ulichoandika ni yeye, isipokuwa yeye hata baiskeli hajawahi kuigusa. Nasubiri wajuzi.

---

Mkaidi

Pole mkuu, ila nitasema ukweli wangu. Hiyo ni miaka inagonga hodi. Mimi polio sikuugua na ngazi zinanisumbua vilevile. Mwili ni mazoea. Ungeendelea wiki ya nne na ya tano ungezoea. Siku hizi kila kitu kinatafutiwa jina la ugonjwa.

---

FundiViungo

Mkaidi, ushauri wako ungemfaa mtu mwingine. Kwa huyu ungemmaliza.

Mleta uzi, pole sana. Nafanya kazi ya fiziotherapia na watu wa hali yako nimewahudumia wengi. Madaktari wako wote wawili wako sahihi, tatizo kila mmoja alikueleza nusu yake.

Kirusi cha polio huua seli za neva za mwendo zilizo ndani ya uti wa mgongo, zile zinazouamuru msuli ujikaze. Seli ikifa, nyuzi za msuli ilizokuwa ikizisimamia zinabaki yatima. Hapo neva za jirani zilizosalimika huchipua vitawi na kuwachukua hao yatima. Ndiyo siri ya mtoto aliyekuwa hawezi kuinua mguu na baada ya miezi akasimama. Ila neva moja sasa inalea nyuzi mara tano ya zile ilizoumbiwa, wakati mwingine zaidi. Italea hivyo miaka 30, miaka 40, bila malalamiko. Halafu inachoka, na vile vitawi vinaanza kudondoka kimoja baada ya kingine. Maelezo haya waliyatoa Wiechers na Hubbell mwaka 1981, na bado ndiyo yanayoshikwa na wengi. Kirusi hakijarudi, na humwambukizi mtu yeyote.

Kuhusu hoja ya "ni umri tu": hakuna kipimo kimoja cha damu au cha picha kinachosema hii ni sindromu ya baada ya polio. Daktari huangalia kama kweli uliugua polio, kama ulipata nafuu ukakaa imara angalau miaka 15, kama udhaifu huu ni mpya na umedumu angalau mwaka mmoja, kisha anaondoa sababu nyingine: tezi ya shingo, upungufu wa damu, uti wa mgongo uliobanwa, usingizi mbaya, sononi. Kituo cha udhibiti wa magonjwa cha Marekani kinakadiria kwamba kati ya kila watu 100 walionusurika polio, 25 hadi 40 huipata. Si jambo la kubuni.

Sasa mazoezi. Misuli yenye neva zilizochoka haitaki kusukumwa hadi ishindwe. Moyo nao haujui habari za polio, unataka kazi kama moyo wa mtu yeyote, na usipoipata unalegea. Ukikaa miezi 5 unapoteza hata kile ambacho polio haikuchukua. Kwa hiyo swali ni moja: utaufikishiaje moyo kazi bila kuumaliza mguu njiani?

Njia ipo, na imepimwa. Mwaka 1989 ilichapishwa kazi ya Marekani ya watu wenye athari za polio walioendesha baiskeli ya mazoezi wiki 16, mara 3 kwa wiki. Hawakuendesha mfululizo. Walikanyaga dakika 2 hadi 5, wakapumzika dakika 1, wakarudia, mpaka jumla ifike dakika 15 hadi 30. Uwezo wao wa kutumia oksijeni ulipanda kwa takriban asilimia 15, na hakuna aliyeripotiwa kuumia. Mwaka 1992 wengine wakafanya hivyohivyo kwa baiskeli ya mikono, wiki 16 pia, nao wakapanda.

Linganisha na ulivyofanya wewe: kila siku, mfululizo, mpaka jasho. Hukukosea kufanya mazoezi. Ulikosea mpangilio, tena si wewe, ni aliyekuandikia.

---

MguuWaKushoto

Fundi, asante. Nimesoma mara tatu. Hapo kwenye neva kulea yatima nimeelewa kitu ambacho miaka 50 hakuna aliyenieleza.

Swali. Mguu unaotetemeka kwenye kidato cha 9 si wa kushoto. Ni wa kulia, ule "mzima". Hilo ndilo linalonitisha.

---

FundiViungo

Nilikuwa nasubiri uliseme.

Msuli unaweza kupoteza karibu nusu ya neva zake za mwendo na bado ukaonekana mzima kwa anayeupima kwa mkono. Ndiyo maana kipimo cha umeme wa misuli huwakuta watu wengi wana alama za polio kwenye mguu ambao hawajawahi kuushuku. Na huo wa kulia kwako umefanya kazi ya miguu miwili tangu uvue chuma. Hesabu mwenyewe ni hatua ngapi.

Kwa hiyo usimwambie mtu "mguu wangu mmoja mbovu, mmoja mzima" akuandikie mazoezi kwa maneno hayo. Kila kiungo kipimwe peke yake: huu una nguvu na haujawahi kuguswa, huu uliguswa ukapona na uko imara, huu unazidi kudhoofika, huu umebaki mfupa na ngozi. Dawa ya kila mmoja ni tofauti. Ule imara unaweza kubeba mazoezi ya aerobiki kwa vipande. Unaozidi kudhoofika unapewa kazi nyepesi sana, kunyooshwa na kuchezeshwa viungo. Uliokwisha kabisa unapewa msaada wa chuma au gongo, hauhitaji kujaribiwa ushujaa.

---

BiMagongo

Wanangu hamjambo. Nimesoma nikaona niseme kabla mtu hajakimbilia baiskeli ya mikono.

Mimi nina miaka 61, natembea kwa magongo mawili tangu nikiwa na miaka 7. Miguu yangu haikanyagi pedali. Miaka ya nyuma kijana mmoja wa mazoezi akaniambia, "Mama, mikono yako ni mizima, tumia hiyo." Nikazungusha ile mashine kwa bidii yote, kila siku asubuhi. Miezi miwili baadaye bega la kulia likauma hata kuvaa blauzi nikashindwa. Mikono yangu ilikuwa tayari inafanya kazi ya miguu kutwa nzima! Kila hatua yangu moja ni bega linabeba mwili. Nikaliongezea mzigo juu ya mzigo. Mtu akikosa magoti anapumzika, mimi nikikosa mabega sitoki kitandani.

Kwa hiyo mwenye magongo na mwenye kiti cha magurudumu cha kusukuma kwa mikono, muwe waangalifu mara mbili. Siku hizi naizungusha mara mbili kwa wiki tu, wepesi kabisa, mikono chini ya usawa wa bega, na siku hiyo sitoki kwenda popote.

---

FundiViungo

Shikamoo mama. Umesema jambo ambalo mimi nilipaswa kulianza. Siku ya mazoezi inahesabiwa pamoja na kazi zote za siku hiyo. Mtu aliyefua na kupanda ngazi mara sita tayari amefanya mazoezi, hata kama hakuvaa raba.

---

BiMagongo

Marahaba mwanangu.

---

Mkaidi

Nakubali nimejifunza kitu hapo kwenye neva. Lakini dakika 2 kisha unapumzika? Hayo ni mazoezi au ni mchezo wa watoto? Moyo utajuaje kama umefanya kazi?

---

FundiViungo

Moyo hauna saa ukutani. Vipande 6 vya dakika 3 ni dakika 18 za kazi, na katika dakika 1 ya kupumzika mapigo hayarudi chini yote, kwa hiyo moyo unabaki kazini wakati msuli unapumua. Huo ndio ujanja wenyewe.

Na hapa niseme kuhusu kupima ukali. Wengi mnapenda saa za mkononi zinazosoma mapigo. Kwa mtu wa polio zinaweza kudanganya. Misuli yenye nguvu ikiwa michache, mguu unashindwa kabla moyo haujapanda, kwa hiyo unaona mapigo 105 ukadhani bado una nafasi, kumbe paja limeshamaliza. Ukiwa unameza dawa za presha zinazopunguza mapigo, ndiyo kabisa usiiamini saa.

Tumia kipimo cha Borg, cha namba 6 hadi 20, unajipa namba kwa jinsi unavyohisi ugumu wa kazi. Watu hucheka kwa nini kinaanzia 6. Gunnar Borg wa Sweden alikipanga ili namba ukiizidisha kwa 10 ikaribie mapigo ya mtu mzima mwenye afya, yaani 6 ni kama mapigo 60 ukiwa umekaa. Kwenye 11 unasema kazi ni nyepesi. Kwenye 13 unasema inaanza kuwa ngumu kiasi. Wewe ishi kwenye 11, gusa 13 mara chache, usivuke. Kwa lugha rahisi: uweze kusema sentensi nzima bila kukata pumzi. Na sikiliza namba mbili, ya pumzi na ya mguu. Inayotangulia kupanda ndiyo inayokusimamisha.

---

NusuPumzi

Naomba kuharibu sherehe kidogo. Mimi pia ni mmoja wenu, mguu na mkono wa kulia.

Mwaka 2016 Uholanzi ilichapisha jaribio la watu 68 wenye sindromu hii waliokuwa na uchovu mkali. Kundi moja lilipewa mazoezi kwa miezi 4, jingine tiba ya mazungumzo, la tatu likaendelea na matibabu ya kawaida. Mwishoni, upande wa uchovu, hakuna kundi lililolishinda jingine. Kwa hiyo tusiuziane matumaini. Hata dawa kadhaa zimejaribiwa, pyridostigmine, prednisone, bila faida ya kueleweka.

---

FundiViungo

NusuPumzi, hujaharibu kitu, jaribio hilo nalifahamu na ni zuri. Mambo mawili tu.

La kwanza, walipangiwa kufikia mapigo ya juu kiasi kwenye baiskeli nyumbani, na sehemu kubwa hawakuweza kuyafikia. Hilo lenyewe ni somo: ukimwekea mtu wa polio lengo la mapigo lililotungwa kwa watu wengine, miguu inakataa kabla. La pili, walikuwa wanatafuta kuondoa uchovu. Mimi sijamwahidi mleta uzi kwamba uchovu utaondoka. Ninachomwambia ni kwamba moyo wake, sukari yake na hizo kilo 6 havitangoja utafiti ukamilike.

Anayekuja kwangu akitaka baiskeli imrudishie mguu wa miaka 30, namwambia mapema haitamrudishia.

---

NusuPumzi

Hapo tumeelewana. Mimi kilichonisaidia kuliko baiskeli ni kupanga siku. Naifanya kazi kwa vipande na kukaa kabla sijachoka. Zamani nilikuwa nakaa baada ya kuchoka, na nilichelewa sana kujua kwamba hayo ni mambo mawili. Ukikaa baada ya kuchoka unalipa siku mbili. Ukikaa kabla, dakika 10 zinatosha.

---

BintiWaMama

Jamani msinisahau. Mama hana shida na mabega, anatembea na gongo moja. Nataka nimwanzishe kutembea taratibu asubuhi. Ila kuna kitu sijui kama kinahusika: akiamka kichwa kinamuuma karibu kila siku, halafu saa mbili tatu baadaye kinaacha. Na siku hizi analalia mito mitatu, akilala chali anasema anakabwa.

---

FundiViungo

Dada, simama hapohapo. Usimwanzishe chochote.

Polio inaweza kugusa misuli ya kupumulia pia, kiwambo na ile ya katikati ya mbavu, na miaka mingi baadaye ikadhoofika kama ilivyodhoofika ya mguu. Kichwa kinachouma asubuhi na kuacha baadaye, kushindwa kulala chali, kusinzia mchana: hizo ni dalili kwamba usiku hapumui vya kutosha na hewa chafu inabaki kwenye damu. Mpeleke, na mwombe daktari apime nguvu ya mapafu akiwa amekaa, kisha akiwa amelala, maana akiwa amekaa tu majibu yanaweza kuonekana mazuri. Apimwe na usingizi. Ikionekana anahitaji mashine ya kumsaidia kupumua usiku, akipewa huenda ukashangaa uchovu wenyewe ukapungua kabla hajapiga hatua moja ya mazoezi. Na waeleze kwamba aliugua polio. Usidhani watauliza.

---

BintiWaMama

Nimetetemeka kusoma. Jumatatu tunakwenda.

---

BiMagongo

Mwanangu usiogope, umewahi. Hata mimi nina hiyo mashine, miaka minne sasa. Mwanzo niliichukia, sasa umeme ukikatika ndiyo naikumbuka thamani yake.

Wakati tunasubiri habari za mama, niseme la maji. Kwangu hakuna kinachoshinda bwawa. Ndani ya maji mwili unakuwa mwepesi, miguu ambayo nchi kavu haifanyi kitu inatembea yenyewe, na mabega yanapumzika. Ila maji yawe ya uvuguvugu. Sisi watu wa polio baridi inatumaliza. Mguu unakuwa wa bluu na unakuwa kama gogo. Mara moja niliingia maji baridi kwa kuona aibu kurudi nyumbani, nikatoka nimebebwa. Na yakiwa ya moto sana nayo yanalegeza mwili, unatoka huna nguvu.

Jingine: hatari haiko majini, iko kwenye ukingo wenye utelezi. Mimi namwomba mtu aniwekee magongo pale ninapotokea, siyo pale nilipoingilia.

---

FundiViungo

Kumbe niongezee. Sweden walilipima hilo la maji, matokeo yakatoka 2001. Mara mbili kwa wiki, maji ya uvuguvugu, miezi kadhaa. Kilele cha uwezo hakikupanda, lakini kwa kazi ileile moyo ulikuwa unapiga polepole zaidi, na waliokuwa na maumivu yalipungua. Nguvu za misuli hazikuharibika. Kwa mwenye viungo vinne vyote vilivyoguswa, mimi ningeanzia majini.

---

MguuWaKushoto (wiki 11 baadaye)

Wakuu nimerudi na daftari langu.

Nilitafuta mtaalamu wa fiziotherapia anayejua polio, ikanichukua wiki mbili kumpata. Alinipima kiungo kimoja kimoja karibu saa nzima. Kushoto: usitumike kukanyaga, upumzishwe. Kulia: uliguswa, unadhoofika taratibu, kazi nyepesi. Mikono: safi. Akanipangia kuchanganya, siku moja baiskeli ya mikono, siku nyingine ya miguu kwa upole, katikati siku nzima ya kupumzika. Mara 3 kwa wiki, basi.

Wiki ya kwanza: kipande cha dakika 2, pumziko dakika 1, mara 3. Jumla dakika 6 za kazi. Nilitaka kucheka. Mkaidi, nilikukumbuka. Nikamwambia mbona sijachoka, akajibu, "Vizuri, rudi keshokutwa tukaone kama bado hujachoka." Kipimo chake kilikuwa hicho: kama uchovu au maumivu yanavuka saa 24, au misuli inaruka usiku, zoezi lilikuwa kubwa mno, punguza. Mbona sikuambiwa hivi mwanzo?

Wiki ya pili na ya tatu: mara 4. Wiki ya nne nilijiona bingwa, nikaongeza vipande viwili kwa mpigo bila kumwambia. Usiku panya wakarudi kwenye paja. Nikapumzika siku 4, nikaanza tena kwenye 3. Niliumia roho kuliko mguu.

Jambo dogo lililonisaidia sana: mguu wa kushoto ulikuwa unateleza kwenye pedali, na kumbe huo wa kulia ulikuwa unakaza nyonga muda wote kuuvuta urudi. Fundi wangu akaufunga kwa mkanda wa kubana, akaweka taulo iliyokunjwa chini ya kisigino kwa sababu ya ufupi, na akasogeza kiti nyuma kidogo goti lisikunjike sana. Kushoto sasa unazungushwa tu, haufanyi kazi. Siku ileile namba ya mguu kwenye Borg ikashuka kutoka 14 hadi 11 kwa uzito uleule. Nusu ya uchovu wangu ilikuwa ni kushindana na pedali!

Wiki ya tisa, yaani juzi: dakika 3, mara 6, pumziko dakika 1. Namba ya pumzi 11, ya mguu 12. Asubuhi yake nikaamka kama kawaida.

Kilo zimepungua 2. Sukari imeteremka kidogo, daktari wa kwanza amefurahi na anaamini ni ile aerobiki yake, sikubishana naye. Kidato cha 9 bado nashika ukuta. Lakini sasa nikifika juu naweza kujibu simu bila yule wa upande wa pili kuniuliza kama nakimbizwa.

Na nimerudia kuvaa chuma, cha kisasa, chepesi, kwa safari ndefu. Hilo lilikuwa gumu kuliko baiskeli. Miaka 40 nilijisifu kwamba nilikivua.

---

NusuPumzi

Hapo kwenye chuma nimekaa kimya dakika nzima. Mimi changu kiko kabatini bado.

---

Mkaidi

Mkuu hongera. Nafuta kauli yangu ya wiki ya nne na ya tano.

Ila swali la dhati: dakika 3 unazihesabu vipi? Mimi nikianza kukanyaga nasahau.

---

MguuWaKushoto

Nimetega simu, inalia kila dakika 3. Mwanzo nilikuwa nahesabu kichwani, na kila mara nikawa najiongezea kidogo, ubishi wa zamani. Simu haina huruma.

---

BintiWaMama

Samahani nimechelewa kurudi. Mama alipimwa mapafu akiwa amekaa na akiwa amelala, tofauti ilikuwa kubwa. Amepewa mashine ya usiku, huu ni mwezi wake wa pili. Kichwa cha asubuhi kimeacha kabisa. Jana aliniuliza mwenyewe kwa nini sijamtoa kutembea. Daktari karuhusu, fiziotherapia wamesema tuanze na dakika 2 na kiti cha kukalia kila baada ya hizo mbili.

BiMagongo, mama anauliza: lile bwawa, kushuka unatumia ngazi au kuna kiti cha kushushia?

---

BiMagongo

Mwambie mama nampa pole na hongera. Ngazi siziwezi. Pale kuna mteremko wenye reli, naingia nikiwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki chenye magurudumu, mtu ananisukuma hadi maji yafike kifuani, ndipo nasimama. Aulize kabla ya kulipia kama mteremko una reli pande zote mbili. Mimi reli ya upande mmoja iliniponza, wakati wa kutoka ilikuwa upande wa mkono mbaya.